Kidole cha Abul

Jikoni kwa Mapadre, Lodwar
27 Aprili 2025

Kwako ndugu yangu Ekaale,

Ejok? Na tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza na salamu zote mbili ili Mama aridhike na mkuu wako pia aridhike. Mimi ni mzima, ila joto la wiki hii limenikausha. Mama yuko Kataboi na mbuzi wake kumi na mmoja. Walikuwa kumi na wawili, mmoja tulimla Pasaka, na usiniulize kwa nini hukubakishiwa hata mfupa. Analalamika kwamba siku hizi barua zako ni fupi. Unajua simu haisikii tena, kwa hiyo barua zako ndizo mazungumzo yake. Nikimsomea ananiambia, "Rudia pale," nami narudia, hata pale ulipoandika tarehe tu.

Sasa lililonikalisha chini. Ejore atakuletea barua hii kwa gari la unga na mboga, pamoja na bahasha ya kahawia. Ndani kuna fomu. Jana nikiandaa meza, mkuu wenu Padre Gitau aliwasomea wenzako agizo: kila padre wa utawa wenu wa Wana wa Kisima ambaye ni mwanachama wa chama cha haki za binadamu kilicho nje ya Kanisa ajiondoe kwa maandishi kabla ya Pentekoste. Hakupiga kelele. Alisoma polepole, akavua miwani, akauliza kama mukimo umebaki. Mukimo, viazi vya kupondwa vya kwao, Lodwar, na joto hili! Baadaye akanifuata jikoni.

"Namuria, hapa kwetu ni ndugu yako peke yake mwenye kadi ya chama. Ongea na yeye. Asaini, hii maneno iishe."

Basi saini, Ekaale. Ni mstari mmoja. Umesaini vyeti vya ndoa za watu waliokuwa wanapigana nje ya kanisa, hii itakushinda? Simu yako imezimwa siku ya tano leo, na nakujua. Ukizima simu huwa kuna kitu hutaki kuambiwa.

Dada yako anayekupikia kwa mbali,
Namuria

Parokiani, Kakuma
11 Mei 2025

Dada mpendwa Namuria,

Milele amina, na ejok noi. Hapa tu wazima. Mvua ilinyesha siku mbili, lugga, ule mto wa mchanga, ikajaa, watoto wa katekesi wakapata sababu ya kutokuja. Mwambie Mama barua hii ni ndefu, na akitaka urudie mahali, urudie hapa: namkumbuka kila asubuhi nikivaa viatu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuvikung'uta nge kwanza.

Fomu nimeipata. Nimeiweka ndani ya kitabu changu cha sala na haijasainiwa. Usinikasirikie kabla ya kufika mwisho.

Padre Gitau hakuamka tu akatunga agizo. Makao makuu ya Chama cha Mashahidi wa Haki huko Nairobi yalipitisha mwaka jana msimamo wa kutetea utoaji mimba. Mimi siukubali na nimewaandikia mara mbili. Angeniambia nitoke mwaka jana, ningetoka bila neno. Lakini sasa kuna Abul.

Abul ni mama kutoka Sudan Kusini, anaishi Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi. Alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki, Malith, miaka ishirini na miwili, aliyekuwa akibeba abiria kwa pikipiki. Desemba askari wawili wa doria walimpiga risasi barabarani. Wao wanasema hakusimama. Abul alikuwa ameketi nyuma yake, Namuria, kwenye hiyo hiyo pikipiki. Anasema walisimama, na Malith alikuwa ameshazima injini na kumwambia mama yake ashuke kwa uangalifu kwa sababu bomba lilikuwa la moto.

Alikwenda kituoni peke yake mara mbili, wakamrudisha. Ndipo akanijia baada ya misa. Alier, kijana wao mmoja anayefundisha shule, alitafsiri, nami nikaandika maneno yake yote kwa niaba ya chama. Hajui kuandika, kwa hiyo nilimpa wino akaweka kidole. Aliiangalia ile alama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Abuna, sasa mimi niko hapo ndani. Usiniache hapo peke yangu." Abuna ndilo jina wanalotuita mapadre.

Kikao cha uchunguzi kitakaa hapa Kakuma tarehe 17 Juni. Sheria yao ni kwamba anayeketi na shahidi lazima awe mwanachama wa chama kilichopeleka malalamiko, na Kakuma nzima mwanachama ni mimi. Pentekoste ni tarehe 8. Unaona nilipobanwa.

Tetesi za agizo zilinifikia kabla halijasomwa, ndiyo maana nimezima simu, na ndiyo maana siji Lodwar. Nikija, Padre Gitau ataniwekea kalamu mbele, na mimi nimekula nadhiri ya utii. Akiniamuru uso kwa uso sitaweza kusema hapana. Naona aibu kujificha hivi, mwanamume wa miaka arobaini na moja.

Ndugu yako,
Ekaale

Lodwar
24 Mei 2025

Ekaale,

Ejok. Salamu zangu leo ni fupi kwa sababu mikono inanuka dawa. Nilimtoa Mama Kataboi Jumatatu. Nilimkuta amelala chini tangu asubuhi na mbuzi wanaingia na kutoka nyumbani wanavyotaka. Hospitali walimpima siku mbili, kisha daktari akanivuta kando akaniambia, "Mama, mpeleke nyumbani. Mpe chenye anataka." Nimemlaza chumbani kwangu, nyuma ya jiko la mapadre. Anachotaka ni vitu viwili: supu ya samaki na wewe.

Barua yako nimemsomea mpaka pale pa nge, akacheka. Ya Abul sikumsomea. Niliisoma peke yangu mara tatu na nikalia kwa ajili ya huyo mama, kwa hiyo usifikiri nina moyo wa jiwe. Lakini na mimi nina mama hapa.

Nimemuuliza Padre Gitau itakuwaje kwa asiyesaini. Amesema kuanzia Pentekoste atasimamishwa huduma mpaka atii. Hakuna misa mbele ya watu, hakuna kuzika. Nikamwambia mama yetu anaumwa. Akasema anasikitika, na agizo si lake peke yake.

Jana jioni Mama alinishika mkono akasema, "Ekaale ndiye atanizika. Nilimpa Mungu huyo mtoto, hakuoa, hakunipa mjukuu. Anizike basi." Maneno yake hayo, sijaongeza chumvi. Unataka nimjibu nini? Nimwambie utasimama nyuma na waombolezaji, mikono mfukoni, padre mwingine akisoma?

Kumbuka nani alikufundisha kuandika jina lako, kwa mkaa, kwenye ubao wa kuanikia samaki. Ule mkia unaozunguka chini ya jina ukarudi mwanzo niliutunga mimi, wewe ukaiga. Fomu zako za shule zote nilisaini mimi, kwa jina la Baba na kwa jina lako, kwa sababu Baba alikuwa malishoni na wewe ulikuwa unachezea maji. Hujawahi kunishukuru hata siku moja. Nishukuru sasa. Saini.

Namuria

Kakuma
31 Mei 2025

Dada Namuria,

Nimeisoma barua yako kanisani, peke yangu, na sitakueleza jinsi nilivyokuwa. Mpe Mama supu. Mwambie nakuja.

Nimeamua hivi. Nitakaa na Abul tarehe 17. Jioni ile ile, kikao kikiisha, nitasaini fomu kwa mkono wangu, na tarehe 18 nitakuwa Lodwar nayo. Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa Padre Gitau. Ninamwomba siku tisa baada ya Pentekoste, siku tisa tu. Si mtu mbaya, akisoma kuhusu Abul atanipa. Mpe mkononi, usiiache mezani. Akikataa, niletee habari mara moja. Nikiona kimya nitajua amekubali.

Nilipaswa kukuandikia hivi wiki tatu zilizopita badala ya kukuhubiria. Kuhusu ubao wa samaki, asante. Nimechelewa miaka thelathini na mitano lakini asante.

Ejore anaondoka sasa hivi, anapiga honi kama wazimu.

Ekaale

Lodwar
7 Juni 2025

Kwako Ekaale,

Ejok, na Pentekoste njema ya kesho. Tangu barua yangu ya Mei hujanijibu. Ejore pia haonekani. Wanasema gari limekufa njiani likavutwa kwa fundi, na yeye amekwenda kwao kungoja vipuri. Nafikiri hata gari lingekuwa zima, usingeniandikia. Umekasirika. Basi.

Barua hii nampa Adome muuza samaki, anakuja Kakuma akishapata mzigo wa kutosha.

Hapa hakuna jipya. Vitunguu vimepanda bei. Paka wa mapadre amezaa ndani ya sanduku la mishumaa, wanne, mmoja mweusi. Padre Gitau anasafiri kesho baada ya misa na nimempigia pasi kanzu mbili. Mama amekula vijiko vitano leo, na jana vilikuwa vitatu.

Ile fomu usiiwaze tena. Mambo yametulia. Fanya kazi yako, na Mama akikuita uje ukiwa padre.

Dada yako,
Namuria

Kakuma
19 Juni 2025

Namuria,

Barua yako ya tarehe 7 Adome ameniletea jana. Kikao kilikuwa juzi.

Nitakuandikia kilichotokea, mara moja tu.

Padre Gitau alikuwa kimya, kwa hiyo niliamini amenipa zile siku tisa. Abul alikuja na shuka yake ya bluu, ile ya sikukuu. Tuliketi kwenye benchi la mbele, yeye katikati, mimi upande mmoja na Alier upande mwingine. Alikuwa ameshika ncha ya mkono wa kanzu yangu, si mkono, nguo tu. Wale askari wawili walikuwa ng'ambo ya meza. Mmoja ni kijana sana na hakuinua macho.

Kabla Abul hajaitwa, wakili wa askari, mama mmoja anayeitwa Wanjugu, akasimama.

"Padre, uko hapa kama nani?"

"Kama mwanachama wa Chama cha Mashahidi wa Haki."

Akatoa karatasi. Akasema Padre Gitau ametuma nakala kwenye ofisi ya kikao ili ijulikane kwamba utawa wetu haumo. Ilikuwa fomu ya kujiondoa, ya tarehe 6 Juni, yenye jina langu. Fomu yangu mimi ilikuwa bado ndani ya kitabu cha sala, na kitabu kilikuwa mfukoni mwangu.

"Hii sahihi ni ya nani, Padre? Ni yako?"

Niliiangalia. Mkia ulipita chini ya jina lote ukarudi mpaka kwenye herufi ya kwanza. Mimi niliacha kuurudisha nikiwa seminari, mwalimu mmoja aliniambia unapoteza wino. Nilijua hapo hapo, na sikukasirika, nataka uamini hilo. Niliona mkaa na ule ubao.

Nikafikiri haraka. Nikisema si yangu, swali la pili litakuwa ni ya nani, na fomu imetoka nyumba ya mapadre Lodwar. Kughushi ni jela. Na Mama amelala nyuma ya jiko hilo.

Nikasema, "Ni yangu."

Alier alikawia kutafsiri. Aliniangalia kwanza, kana kwamba nitabadilisha. Kisha akamwambia Abul. Nikasikia nguo yangu inaachiliwa.

Mwenyekiti akaniomba nitoke mbele. Nikamsikia Abul akiulizwa kama ataendelea bila mimi. Alisimama, akakunja shuka yake vizuri, akapita mbele yangu. Akasema, "Abuna, ungeniambia mapema." Hiyo tu. Jalada wamelifunga.

Sikuulizi kitu, Namuria. Sitakuuliza, na usiniandikie kuhusu hilo. Mpe Mama supu. Nakuja Jumamosi.

E.

Lodwar
13 Julai 2025

Ndugu yangu Ekaale,

Sijui niweke salamu gani. Ejok inatakiwa ijibiwe.

Ulimzika Mama vizuri. Kataboi yote inasema hivyo. Hukutetemeka hata uliposhika udongo, na uliimba ule wimbo wake wa mbuzi mwishoni, jambo ambalo sidhani limo kwenye vitabu vyenu. Alipata alichokitaka. Na mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwako, siku tatu tulikula chungu kimoja, na hukuniangalia usoni hata mara moja. Nilikupa chai ukasema asante kama unavyomwambia mtu baki.

Umenikataza kuandika. Naandika.

Barua yako ya tarehe 31 Mei niliipata tarehe 18 Juni. Ilikuwa ndani ya gari, gari likiwa kwa fundi, limefungwa, na ufunguo anao Ejore. Niliisoma nimesimama. "Jioni ile ile nitasaini." Siku tisa, Ekaale. Ningengoja siku tisa. Nilichukua fomu nyingine kwenye rundo la ofisini nikipanguza vumbi, nikasaini kwenye meza ya kukatia mboga, na mkono wangu haukusita. Nilijivunia. Niliona nimeokoa upadre wako na kifo cha Mama kwa kalamu moja, kama zamani nilipokuokoa na mwalimu mkuu. Sikujua nakala itatumwa popote. Ningejua, ningeacha? Sitasema uongo, sijui.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Padre Gitau nikapiga magoti nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Namuria, umefiwa, uko na uchungu. Padre mwenyewe alisema mbele ya kikao ni sahihi yake. Mimi nichukue neno la nani?" Nikamwambia alete karatasi nisaini mbele yake. Akasema nipumzike wiki moja, atakula kwa masista.

Kwa hiyo Alhamisi nilipanda gari na Ejore mpaka Kalobeyei. Tulipita mbele ya nyumba yako na niliinama usinione. Alier akanipeleka kwa Abul. Nilimweleza kila kitu, mkaa, shule, Mama. Alinikaribisha kiti kimoja alicho nacho, yeye akakaa chini. Pikipiki ya Malith imesimama ndani ya nyumba, ameifunika kwa ile shuka ya bluu.

Nilipomaliza akasema, na Alier akatafsiri neno kwa neno, "Wewe uliandika jina ambalo si lako. Yeye akasema ni lake. Nyinyi mnajua kalamu, mnaweza kufanya hivyo. Mimi nina kidole tu. Kidole changu kimebaki kwenye karatasi yenu. Nataka mnirudishie."

Nikamwuliza kama anataka tuanze upya, mimi niende nikaseme, nifungwe ikibidi. Akatikisa kichwa. Hataki kingine, na kule kwenye kikao hatakanyaga tena. Anataka ile karatasi yenye kidole chake, akae nayo nyumbani.

Mtafutie, Ekaale. Hicho tu ndicho ninachokuomba, na mimi usinisamehe haraka.

Namuria

Kakuma
27 Julai 2025

Dada yangu Namuria,

Ejok noi. Nimeijibu, umeona.

Nilikuona ulipoinama. Ejore alipunguza mwendo makusudi, na kilemba chako cha msiba nakijua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikukuita. Hilo nalo ni langu, lihesabu upande wangu. Siku zile tatu Kataboi sikuwa na hasira nawe. Niliogopa nikikuangalia nitalia, na Mama alitaka padre.

Juzi nilikwenda ofisi ya kikao kuomba ile karatasi. Karani ni mtu mwema, Mkatoliki, nilimbatizia mtoto mwaka jana. Alinipa kiti, akatoa jalada, nikaiona. Mwandiko wangu kurasa nne, na chini kile kidole, cheusi, kimeelemea kushoto kidogo kwa sababu mimi ndiye niliyeushika mkono wake. Karani akafungua daftari la maombi, akachukua kalamu.

"Padre, niandike unaomba kama nani? Hii inapewa shahidi mwenyewe ama chama yake."

Nikamwambia shahidi amesema hatakanyaga tena mahali pale.

"Basi chama. Wewe ni wa chama?"

Nilikaa pale, Namuria. Nina nguo ya kanisa, nina kadi ya chama bado kwenye droo. Akangoja. Kisha akafunga daftari taratibu, asiniaibishe, akarudisha jalada kabatini.

Sasa lazima mtu akamwambie Abul kwamba kidole chake hakirudi. Nimejaribu jana na leo. Nimefika mpaka kwenye duka lililo karibu na nyumba yake nikanunua maji nisiyoyahitaji nikarudi.

Ejore anakuja Lodwar kesho kuchukua unga. Panda gari lake uje. Usilete chakula, usilete fomu, usilete kitu. Uje tu unishike nguo tukiingia kwake, kwa sababu peke yangu siwezi.

Ndugu yako,
Ekaale